Bembelezi ya Mto Tana na Kwaya ya Sauti Nne

Historia ya Wimbo wa Taifa wa Kenya aghalabu husimuliwa kama tawi la historia ya siasa. Kwa mwalimu wa kwaya, na hali kadhalika kwa mhakiki wa fasihi simulizi, lipo swali la awali zaidi: bembelezi ya sauti moja iligeuzwaje kuwa utungo wa sauti nne, na mgeuzo huo uliiathiri vipi sanaa yenyewe?

Mwaka 1963 kazi hiyo ilikabidhiwa kamati ya wanamuziki watano: Graham Hyslop, aliyekuwa ofisa wa muziki na drama wa serikali ya kikoloni na mtunzi wa tamthilia za Kiswahili Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya, na Washington Omondi. Lahani iliyochaguliwa ni ya Wapokomo wa bonde la Tana, nayo hunasibishwa na Meza Galana. Bembelezi haina urefu maalumu. Mama huirudia, huikatiza, hupunguza mwendo kadiri usingizi unavyomchukua mtoto. Kuitia katika nota ni kuiamulia mwisho.

Athari ya mgeuzo huo huonekana kwanza katika maneno. Kila ubeti una mistari sita, ila mizani haikai sawa: katika ubeti wa kwanza umo mstari wa mizani saba na umo wa kumi, na mpangilio wa vina vyake haufuatwi katika ubeti wa pili. Mhakiki aliyezoea tarbia na utenzi angeweza kuiita hali hiyo kasoro. Hukumu hiyo ni ya haraka. Lahani ilitangulia, maneno yakakatwa kwa kipimo chake. Arudhi ya wimbo huu imo katika mapigo ya muziki, na anayehesabu silabi tupu hataipata.

Upatanifu wa sauti nne ni suala zito zaidi, hasa Garissa. Mji huo uko kando ya Tana ileile, lakini wenyeji wake wengi ni Wasomali, ambao ushairi wao hushikilia urudufu wa sauti za mwanzo wa maneno kutoka mstari hadi mstari, na ambao wanawake wao wana utanzu wao wa buraambur. Kwaya ya sauti nne ni mrithi wa kanisa. Iliimarishwa shuleni na Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza 1927, na Mwislamu ana sababu ya kuisikia kama sanaa ya ugenini. Tena wimbo wenyewe ulifika pamoja na bunduki: uhuru ulipatikana tarehe 12 Disemba 1963, na kabla ya mwezi huo kwisha Kaskazini Mashariki ilikuwa chini ya hali ya hatari, ambayo sheria zake zilidumu hadi 1991. Wimbo uliozaliwa kwa kutuliza ukawa, katika eneo hilo, sauti ya gwaride.

Mwalimu anayeufundisha huko hana budi kuamua mwendo. Gwaride hudai hatua. Mbeleko hudai subira. Anaweza kuanza na sauti ya kwanza peke yake, bila ala, kwa mwendo wa mbeleko, kisha azipandishe nyingine moja baada ya moja. Besi iingie mwisho, kwani katika bembelezi haikuwapo.