Shiori wa nyumba ya pili, na dalili zisizosomeka

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Nawaheshimu wahenga, ila nina wasiwasi kama waliwahi kumpenda mtu waliyecheza naye kombolela. Huyo unaweza kumkohoa miaka kumi na asisikie kitu.

Haya wasomaji wangu, leo tuache siasa ipumue. Tuzungumzie gemu. Najua wapo watakaoguna kwamba gemu ni mambo ya watoto. Vuteni subira, humu ndani kuna hadi hukumu ya Mahakama ya Juu.

Mei 1994 kampuni ya Konami ya Japani ilitoa gemu liitwalo Tokimeki Memorial. Halina bunduki wala mbio za magari. Wewe ni mvulana unayeanza sekondari ya juu ya Kirameki, na una miaka mitatu hadi mahafali. Jirani yako ni Fujisaki Shiori, mliyekua pamoja tangu utotoni, na sasa amekuwa mrembo, mwanamichezo, na kichwa darasani. Shuleni kuna mti mkubwa wenye hadithi yake: msichana akimweleza mvulana mapenzi yake chini ya mti huo siku ya mahafali, watakuwa na furaha milele. Mmeona? Msichana ndiye anayesema. Wewe miaka yote mitatu kazi yako ni kujitengeneza, kusoma dalili, na kusubiri kama siku ya mwisho utakuta barua kwenye dawati.

Sasa ndipo ugumu unapoanza. Wajapani wana neno osananajimi, rafiki wa tangu utotoni. Kwa msichana mgeni dalili zina ngazi zake. Kwanza anakuita kwa jina la ukoo, na siku akianza kukuita kwa jina lako mwenyewe unajua kuna kitu. Akikubali mtembee pamoja kutoka shule, unajua kuna kitu zaidi. Lakini huyu wa nyumba ya pili? Ameshakuzoea kabla hujajua kufunga kamba za viatu. Dalili zote zimetumika utotoni, zikaisha!

Konami walitatua hilo kwa kumrudisha Shiori nyuma. Ukimwomba mrudi nyumbani pamoja siku za mwanzo anakataa, kwamba marafiki wakiwaona watawasema na yeye ataona aibu. Jibu hilo lilikuja kuwa maarufu mno kwa wachezaji wa Japani. Na hapa ndipo vijana wengi tunapopotea, maana mtu anajiambia: kama anaona aibu, basi kuna kitu! Lakini fuata hesabu za gemu lenyewe. Wakati huo mapenzi yake kwako yako chini kabisa. "Hapana" yake ni hapana, imefungwa tu vizuri ili isimuumize jirani. Mimi nalipenda gemu hili kwa sababu hiyo. Halikupi zawadi kwa kujidanganya.

Dalili za kweli zinakuja polepole. Anaanza kukubali kutoka nawe, uso unabadilika ukijibu vizuri, halafu siku moja yeye ndiye anakuomba mrudi pamoja. Ukishindwa kabisa kusoma, yupo rafiki yako Yoshio, kijana mwenye namba za simu na siku za kuzaliwa za wasichana wote. Unampigia anakwambia nani anakuonaje. (Kila shule inaye Yoshio wake. Wengine baadaye wanakuwa waandishi wa habari.)

Kumpata Shiori ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kwa sababu anataka kila kitu: masomo, sanaa, michezo, sura, hadi ujasiri. Ukipanda sanaa anatokea msichana wa sanaa, ukipanda michezo anatokea muogeleaji. Ukiwapuuza wanaumia, na kwenye skrini linatokea bomu. Likilipuka umbeya unaenea shule nzima na wote wanakuchukia kidogo, Shiori akiwemo.

Si ajabu basi kwamba mtu akafikiria njia ya mkato. Kampuni moja iliingiza na kuuza kadi za kumbukumbu za PlayStation zilizokuwa na data tayari: mvulana anaanza akiwa na uwezo wa juu mno, au gemu linarukia siku za karibu na mahafali na msichana anayetamaniwa anakuja kukwambia anakupenda. Miaka mitatu ya kazi umeinunua dukani! Konami wakaenda mahakamani, na Februari 13, 2001 Mahakama ya Juu ya Japani ikawapa haki. Hoja ilikuwa kwamba zile namba ndizo zinazomchora mhusika mkuu, na ukizibadilisha hivyo unaipotosha hadithi nje ya alivyokusudia mtunzi. Wanasheria wanaisoma kama kesi ya haki za watunzi. Mimi naisoma pia hivi: majaji walikaa wakakubaliana kwamba kijana asiyepitia ile miaka mitatu si kijana yule yule.

Baadaye namba zikapungua nguvu, maandishi yakachukua nafasi. Mwaka 1997 kampuni ya Leaf ilitoa To Heart, na rafiki wa utotoni humo ni Akari, ambaye bado anamwita mvulana "Hiroyuki-chan", kama mtoto mdogo. Siku moja anabadilisha mtindo wa nywele. Basi, hicho tu. Hakuna Yoshio wa kukutafsiria. Kwa mtu aliyemwona na nywele zile zile miaka nenda rudi, hiyo ni hotuba nzima.

Na ipo ya Wamarekani, Doki Doki Literature Club, iliyotolewa bure mwaka 2017. Ina vifaa vyote vya kawaida: Sayori, jirani wa utotoni, mchangamfu, anayechelewa kuamka kila siku. Mchezaji mzoefu anacheka, anajua huyu ndiye yule wa siku zote, na anaanza kuhesabu dalili za mapenzi. Mapenzi yapo kweli. Ila kule kushindwa kuamka ni sonona, amekuwa nayo miaka yote, na alikuwa akiificha kwa kicheko. Anapokueleza, gemu linakupa majibu mawili, kwamba unampenda au kwamba ni rafiki yako mpendwa. Chagua lolote kati ya hayo, siku inayofuata unamkuta amejiua. Watunzi wanaonya mwanzoni kabisa kwamba gemu halifai kwa watoto, na wanastahili kusikilizwa.

Miaka 23 kutoka Shiori hadi Sayori, na mchezaji bado amekaa kwenye kiti kile kile, akimwangalia jirani yake usoni na kuuliza swali moja tu: ananipenda au hanipendi?