Kabla ya Akriliki: Ganda la Ng'amba katika Pwani ya Wabajuni

Likizo iliyopita nilijitengenezea nyumbani kasha la kompyuta kwa mabamba ya akriliki. Nilipima, nikakata kwa msumeno wa meno madogo, kisha nikaupasha moto mstari wa kukunja kwa waya wa hita. Bamba la kwanza nililiharakisha, likafanya malengelenge. La pili lilikubali; nililikunja kwenye pembe ya meza na kulishikilia hadi likapoa. Bibi yangu, mzaliwa wa kisiwa cha Koyama, kusini mwa Kismayo, alilitazama akasema, "Mjukuu wangu, hii ni ng'amba ya kizungu." Insha hii imetokana na kauli hiyo.

Ng'amba ni kasa ambaye mgongo wake una magamba makubwa 13 yanayopandana kama vigae. Magamba hayo hulainika katika maji ya moto, hukunjwa juu ya kalibu, na yakipoa hubaki na umbo jipya. Vipande viwili huweza hata kuunganishwa kwa joto na mgandamizo, bila gundi. Kwa karne nyingi mafundi waliyatumia kutengenezea vitana na visanduku. Akriliki, iliyoingia sokoni katika miaka ya 1930, nayo hutii joto vivyo hivyo.

Biashara ya magamba haya ni kongwe. Periplasi ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa wafanyabiashara ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 BK, unayataja miongoni mwa bidhaa za pwani ya Azania, na kusema yalitakiwa sana baada ya yale ya India. Unaeleza pia jinsi watu wa kisiwa cha Menuthias walivyowanasa kasa kwa vikapu. Bidhaa ina jina, wavuvi hawana.

Wabajuni walikuwa na njia yao. Walimtumia chazo, samaki mwenye kinyonyeo kichwani. Walimfunga kamba mkiani na kumwachilia karibu na kasa, akishajibandika, walivuta. Kinyonyeo chake hushika zaidi kinapovutwa kuelekea nyuma, hivyo kamba ya mkiani ilizidi kukikaza. Hoja yangu ni kwamba hii ilikuwa teknolojia. Tukiitaja pwani hii kama chimbuko la malighafi tu, tunamwita fundi yule aliyekunja ganda na kumsahau aliyejua kulipata.

Mtu anaweza kunipinga kwamba ujuzi huo ulimwangamiza kasa. Ni kweli kwamba ng'amba leo yumo katika hatari kubwa ya kutoweka, na tangu 1977 biashara yake ya kimataifa imezuiwa chini ya mkataba wa CITES. Siombi irudi. Lakini kumlinda kasa si sababu ya kuusahau ujuzi wa watu. Vita vilivyozuka Somalia mwaka 1991 viliwatawanya Wabajuni wengi hadi Kenya na mbali zaidi, na mjukuu aliyezaliwa Mombasa hakuwahi kumwona chazo akifungwa kamba.

Jioni ile bibi alinitajia majina ya sehemu za kasa, moja baada ya jingine. Sikuwa na daftari. Niliyaandika nyuma ya karatasi ya vipimo vya kasha, na mengine yalinipita kabla sijaomba ayarudie. Kesho yake nilirudi kwake na daftari.