Misuli laini na mtiririko wa damu katika uume

Misuli laini ya uume ni misuli isiyoongozwa na hiari ya mtu, iliyo katika kuta za ateri na za vijishimo vya tishu ya kusimika. Ndiyo inayodhibiti kiasi cha damu kinachoingia humo. Tishu ya namna hiyo imo pia katika kinembe cha mwanamke.

Muda mwingi misuli hii huwa imekaza. Neva za simpathetiki hutoa noradrenalini, kalsiamu huongezeka ndani ya seli, ateri hubana na damu hupita kidogo tu.

Ashiki inapoamka, neva na utando wa ndani wa mishipa hutoa nitriki oksidi. Gesi hii huchochea utengenezaji wa GMP ya mzunguko. Kalsiamu hupungua, misuli hulegea na damu hujaa vijishimoni. Tishu iliyovimba huzibana vena kwenye ala ngumu inayoizunguka, hivyo damu haitoki kwa urahisi. Uume, basi, husimama misuli hiyo inapolegea. Kimeng'enya PDE5 huivunja GMP, misuli hukaza tena na damu huondoka.

Dawa ya sildenafili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, huzuia kimeng'enya hicho. Ikitumiwa pamoja na dawa za moyo za naitreti, shinikizo la damu huweza kushuka kwa hatari.

Kusimika kunakozidi saa 4, ambako huwapata mara nyingi wenye selimundu, ni dharura: tishu hukosa oksijeni na huweza kuharibika kabisa. Mgonjwa awahi hospitali bila kuona haya.