Kenyatta: Jina la Ukoo Lililotokana na Mshipi wa Shanga

Katika sehemu ya barabara kuu ya Thika inayoanzia Kahawa, ikapita Ruiru na Juja na kuingia mjini Thika, jina la Kenyatta limebandikwa pahali pengi kiasi kwamba msafiri wa kila siku halioni tena. Chuo Kikuu cha Kenyatta kipo Kahawa, kabla ya kufika Ruiru; mbele ya Ruiru makondakta huita kituo cha Kenyatta Road, palipo na njia ya kukatia kwenda Gatundu; Juja kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta; na Thika kwenyewe kuna barabara ya Kenyatta. Pamoja na vibao hivyo vyote, jina lenyewe ni adimu miongoni mwa watu, kwa sababu akina Kamau, Njoroge, Muigai na Wambui wamejaa katika vijiji na mitaa ya eneo hilo, ilhali Kenyatta kama jina la ukoo ni nadra kulisikia nje ya nyumba moja yenye asili yake Ichaweri, katika Gatundu. Uadimu huo una chanzo chake katika utaratibu wa Wakikuyu wa kuwapa watoto majina.

Kwa desturi ya Wakikuyu, mtoto hapewi jina kwa kubuniwa, bali hurudishiwa jina la mzee wa familia: mwana wa kwanza wa kiume huitwa kwa jina la babu mzaa baba, wa pili kwa jina la babu mzaa mama, na mabinti vivyo hivyo hupewa majina ya bibi zao, wa upande wa baba akitangulia. Jina la pili lilikuwa la baba, likiunganishwa kwa kiungo "wa", na kwa hiyo lilibadilika kila kizazi. Jina la ukoo, kwa maana ya jina moja lisilobadilika ambalo baba huwaachia watoto na wajukuu wake wote, halikuwamo katika utaratibu huo hadi ofisi za serikali ya kikoloni, makanisa na shule zilipoanza kudai kila mtu aandikwe kwa namna ya Kizungu. Lakabu, yaani jina la utani ambalo mtu hupewa kwa sababu ya umbo, kazi, vazi au tabia yake, ilikuwepo na ilipendwa sana, lakini kwa kawaida ilikuwa ya mwenyewe tu.

Mtu aliyekuja kuitwa Jomo Kenyatta, rais wa kwanza wa Kenya, alizaliwa katika utaratibu huo. Baba yake alikuwa Muigai na mama yake Wambui, naye akaitwa Kamau. Baba alipofariki, mama alirithiwa na Ngengi, mdogo wake marehemu, na mtoto akajulikana kama Kamau wa Ngengi. Mwaka 1909 aliingia katika misheni ya Kanisa la Scotland huko Thogoto, na mwaka 1914 akabatizwa kwa jina la Johnstone. Alipotoka misheni alifika Thika, mji ambao wakati huo ulikuwa umefikiwa na reli mwaka 1913 tu na ulizungukwa na mashamba ya walowezi, akaajiriwa katika kampuni ya uhandisi ya Mwingereza John Cook. Mojawapo ya kazi zake ilikuwa kwenda benki jijini Nairobi, umbali wa kilomita 40 hivi, na kurudi na mishahara ya wafanyakazi, kazi ambayo haikukabidhiwa ila kijana aliyeaminika. Aliiacha alipougua vibaya, akauguzwa katika misheni ya Tumutumu.

Hiyo ilikuwa miaka ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ambapo Waingereza waliwakusanya Waafrika wengi, Wakikuyu wakiwemo, kwa ajili ya vita dhidi ya Wajerumani, na wengi wao hawakurudi. Kamau hakujiunga. Kama vijana wengine wa kwao, alikwenda kwa Wamasai, waliokuwa wamekataa kuwapigania Waingereza, akakaa kwa shangazi yake aliyekuwa ameolewa huko, na kufikia mwaka 1917 alikuwa Narok akifanya kazi ya kusafirisha mifugo kwenda Nairobi. Katika maisha hayo alizoea mapambo ya Kimasai, hasa mshipi wa kiunoni uliotiwa shanga, ambao kwa Kikuyu huitwa kinyata. Hakuuvua aliporudi mjini, na tangu wakati huo akaanza kujiita kwa jina la mshipi huo. Baadaye, alipokuwa akisoma mita za maji kwa ajili ya manispaa ya Nairobi katika miaka ya 1920, nyumba yake ya Dagoretti ilikuwa pia duka, nalo aliliita Kinyata Stores.

Yapo maelezo mengine yanayorudiwa sana, kwamba Kenyatta ni "taa ya Kenya". Ni tafsiri tamu, na ilimfaa kiongozi, lakini haiwezi kuwa asili ya jina, kwa kuwa lakabu hiyo ilitokana na pambo linalojulikana, na ilianza wakati nchi ikiitwa bado Himaya ya Afrika Mashariki. Ni mwaka 1920 tu ndipo Waingereza walipoibadilisha jina kuwa Koloni la Kenya, kwa kufuata jina la mlima. Vilevile nchi haikuitwa kwa jina la mtu huyo, kwani jina la mlima lilikwisha kuandikwa na mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyeuona kutoka Ukambani mwaka 1849. Hata hivyo, kufanana kwa majina hayo mawili hakukupuuzwa na mwenyewe. Tahajia ya Kinyata iliachwa, ikashika ile ya Kenyatta, na mwaka 1938, alipotoa jijini London kitabu chake kuhusu maisha ya Wakikuyu, jina la Johnstone nalo lilikuwa limempisha Jomo.

Jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini zaidi ni namna familia yake ilivyozipatanisha taratibu mbili. Mwana wake wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 1920, aliitwa Peter Muigai, na binti yake Margaret, aliyekuja kuwa meya wa Nairobi, aliitwa Wambui. Watoto aliozaa na mkewe Mama Ngina walifuata mkondo huohuo: Christine ni Wambui na Uhuru ni Muigai, kwa majina ya wazazi wa baba yao, ilhali Anna ni Nyokabi na mdogo wao ni Muhoho, kwa majina ya wazazi wa Mama Ngina. Desturi ilitimizwa barabara katika majina ya katikati. Kenyatta ikakaa mwisho, wake kwa waume, kama jina la ukoo la namna ya kigeni. Kwa ndugu yake James Muigai mambo yalikuwa tofauti: mwanawe, aliyewahi kuwa mbunge wa Gatundu, anaitwa Ngengi Muigai, yaani jina la babu likifuatwa na la baba, bila Kenyatta yoyote. Hapa ndipo unapoonekana mpaka wa jina hili. Halikuwa la mbari, yaani ukoo mpana wa babu mmoja. Lilikuwa la mtu mmoja, likarithiwa na watoto wake peke yao.

Umaarufu wake, basi, ulipitia taasisi. Kambi ya jeshi la Waingereza iliyokuwa Kahawa ilikabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 1965, ikageuzwa chuo kilichokuwa chuo kikuu kamili mwaka 1985. Chuo cha Juja kilianza kufundisha mwaka 1981 kwa msaada wa Japani, kwenye hekta 200 za ardhi iliyotolewa na Kenyatta mwenyewe, kikawa chuo kikuu mwaka 1994. Wanafunzi huviita KU na JKUAT, hivyo jina limebaki herufi moja tu.

Nje ya Afrika jina lilipata maisha ambayo halikuyapata Ruiru wala Thika. Kesi ya Kapenguria ya mwaka 1952 na 1953, ambamo Waingereza walimhukumu Jomo Kenyatta, na kisha uhuru wa mwaka 1963, vililifikisha kwa Wamarekani weusi waliokuwa wakitafuta majina ya Kiafrika badala ya yale yaliyotokana na utumwa, na kwa kuwa wao hawakufungwa na desturi ya kurudisha majina ya mababu, waliwapa watoto wa kiume na wa kike Kenyatta kama jina la kwanza. Mpiga saksafoni Robert Haynes alijiita Robin Kenyatta. Mwanaharakati wa haki za raia Donald Jackson, aliyezaliwa Pennsylvania mwaka 1944, alijiita Muhammad Kenyatta, akawarithisha watoto wake jina hilo; na mwaka 2018 mjukuu wake, Malcolm Kenyatta, alichaguliwa kuwa mbunge katika bunge la jimbo hilohilo.