Unyafuzi na Suala la Protini: Historia ya Dhana ya Kitabibu Barani Afrika, 1933–1974

Utangulizi

Mwili wa binadamu huhitaji virutubishi vya aina mbalimbali: wanga na mafuta kwa ajili ya nguvu, protini kwa ajili ya kujenga na kukarabati tishu, vitamini na madini kwa ajili ya kuendesha shughuli za mwili na kuukinga dhidi ya maradhi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, wataalamu wengi walieleza maradhi ya lishe kwa kanuni moja, yaani kila ugonjwa una kirutubishi chake kilichokosekana. Kiseyeye kilihusishwa na upungufu wa vitamini C, beriberi na vitamini B1, matege na vitamini D. Insha hii inachunguza namna kanuni hiyo ilivyotumika kueleza unyafuzi, ambao pia huitwa kwashakoo. Hoja yake ni kwamba mafanikio ya kanuni hiyo katika maradhi mengine yalichangia kufinya uelewa wa ugonjwa huu.

Jina na maana yake

Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi katika koloni la Gold Coast (Ghana ya leo), alichapisha maelezo ya ugonjwa uliowapata watoto wadogo walioachishwa kunyonya na kulishwa vyakula vya mahindi. Miguu na mikono ya watoto hao ilivimba, ngozi ilibambuka, nywele zilififia rangi, na wengi walikufa. Williams hakudai kwamba amekwisha kupata chanzo. Alisema tu kwamba upungufu wa protini au wa amino asidi fulani haukuweza kuondolewa katika orodha ya sababu.

Mwaka 1935, katika jarida la The Lancet, aliutaja ugonjwa huo kwa jina la Kiga, kwashiorkor, lenye maana ya ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa matiti mtoto mwingine anapozaliwa. Jina hilo halikutaja kirutubishi chochote. Lilitaja uhusiano baina ya mama, mtoto na mdogo wake, pamoja na kipindi mahususi cha hatari. Dhana inayokaribiana na hiyo ipo pia katika jamii nyingi za Tanzania, ambako kudhoofika kwa mtoto anayenyonya huelezwa kwa kauli ya kubemendwa. Tofauti ni kwamba kauli hii hubeba lawama kwa wazazi, na hivyo huweza kumfanya mama auone ugonjwa kuwa ni aibu ya kufichwa.

Jina jipya halikukubaliwa mara moja. Hugh Stannus, aliyekuwa na tajiriba ya Nyasaland (Malawi ya leo), aliuona ugonjwa huo kuwa ni pelagra. Nchini Uganda, Hugh Trowell wa Hospitali ya Mulago naye aliutaja kwa muda kuwa pelagra ya watoto wachanga. Vitamini iliyoponya pelagra iliposhindwa kuwaponya watoto hao, maelezo hayo yalipoteza nguvu. Hata hivyo, kilichoachwa ni jibu tu. Swali lenyewe, yaani ni kirutubishi kipi kilichokosekana, lilibaki palepale.

Mulago na ushindi wa protini

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Mulago ilikuwa miongoni mwa vituo vikuu vya utafiti wa unyafuzi duniani. Mtaalamu wa patholojia J. N. P. Davies alionesha madhara ya ugonjwa katika kongosho, kiungo kinachotoa vimeng'enya vya kusaga chakula. R. F. A. Dean alitafiti matibabu kwa vyakula vyenye protini nyingi, hususan maziwa yaliyoondolewa mafuta. Mwaka 1954 Trowell, Davies na Dean walichapisha kitabu chao kuhusu ugonjwa huo.

Wakati huohuo suala hili lilivuka mipaka ya hospitali. J. F. Brock na M. Autret walizunguka nchi kadhaa za Afrika kwa niaba ya mashirika ya Umoja wa Mataifa, na ripoti yao ya mwaka 1952 ikaukazia mkazo upungufu wa protini. Mwaka 1955 Shirika la Afya Duniani liliunda kikundi cha ushauri kuhusu protini, na kufikia mwaka 1968 Umoja wa Mataifa ulikuwa ukizungumzia janga la protini lililoukabili ulimwengu. Utapiamlo wa watoto ukawa tatizo la bidhaa: maziwa ya unga, unga wa samaki na michanganyiko ya viwandani.

Dosari za maelezo hayo

Pingamizi zilitoka sehemu mbalimbali. Mwaka 1968 C. Gopalan wa Hyderabad, India, alieleza kwamba hakuona tofauti ya msingi kati ya vyakula vya watoto waliopata unyafuzi na vya wale waliokonda kwa nyongea. Kamati ya wataalamu iliyokutana mwaka 1971 ilishusha makadirio ya mahitaji ya protini, na sehemu kubwa ya upungufu uliodaiwa ikatoweka kwenye hesabu. Mwaka 1974 Donald McLaren aliishutumu hadharani sera nzima ya protini kuwa ni kushindwa kukubwa. Alisisitiza kwamba watoto wengi walikosa chakula cha kutosha kwa ujumla.

Uganda kwenyewe kulikuwa na njia nyingine. Kitengo cha Mwanamugimu, kilichoanzishwa Mulago katika miaka ya 1960, kililaza watoto pamoja na mama zao. Akina mama walifundishwa kuandaa kitobero, yaani chakula kikuu kama ndizi kinachochanganywa na maharage, karanga au samaki, pamoja na mboga, na kupikwa kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba. Mchanganyiko huo haukupuuza protini. Uliirudisha ndani ya mlo ambao familia iliweza kuupata baada ya kuondoka hospitalini.

Hitimisho

Historia hii haithibitishi kwamba protini haina umuhimu. Mahindi yana upungufu wa lisini na triptofani, na mtoto anayelishwa uji wa mahindi pekee yumo hatarini. Inathibitisha kwamba upungufu unaopatikana katika mlo si lazima uwe maelezo kamili ya ugonjwa. Tiba ya baadaye ilitoa ushahidi mzito: katika hatua ya kwanza, mtoto mwenye utapiamlo mkali hupewa maziwa maalumu yenye protini kidogo, gramu 0.9 tu katika mililita 100, kwa kuwa mwili wake hauwezi kuhimili nyingi, na uvimbe hupungua hata hivyo. Miongo minne ya utafiti ilitafuta kirutubishi kimoja, ilhali jina la Kiga lilikuwa limekwisha kuwaelekeza wataalamu kwenye mazingira yaliyomzunguka mtoto: kuzaliwa kwa mdogo wake, kukoma kwa maziwa ya mama, na kile kilichowekwa katika bakuli lake baada ya hapo.