WAKFU NA TIBA YA MASKINI

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Mgonjwa anapoteremshwa kwa machela kutoka milima ya Ruwenzori hata Kyarumba, swali la kwanza la jamaa zake ni hili: atatibiwa kwa fedha gani? Walio na bima ya afya ni wachache mno. Mwezi wa Machi 2001 Serikali ya Uganda ilifuta malipo katika zahanati na hospitali zake, na maskini wakapata faraja kubwa. Lakini dawa zikimalizika, mgonjwa huandikiwa cheti akanunue dukani. Shida hii si mpya, na Waislamu waliotangulia waliitafutia njia.

Mwaka 1154 Sultani Nuruddin Zengi alijenga hospitali mjini Damascus. Wanahistoria wamesimulia kwamba amiri aitwaye Qalawun aliugua mjini humo akatibiwa kwa dawa za hospitali hiyo, akaweka nadhiri kwamba Mwenyezi Mungu akimjaalia ufalme, naye atajenga yake. Akaja kutawala Misri, na mwaka 1284 hospitali yake ikasimama mjini Kairo. Ilipokea matajiri na maskini, wanaume na wanawake, waungwana na watumwa, pasipo malipo. Wala Sultani hakuitegemeza juu ya michango ya siku kwa siku. Aliiwekea wakfu wa maduka, mahamamu na nyumba za kupangisha, ili kodi zake zinunue dawa na kuwalipa matabibu. Yeye alifariki mwaka 1290, lakini wagonjwa waliendelea kutibiwa hapo karne baada ya karne.

Karibu zaidi, huko Unguja, tajiri Tharia Topan alianza mwaka 1887 kujenga jumba la kuwatibia maskini. Mauti yakamfika mwaka 1891, nalo halijakwisha. Mwaka 1900 likanunuliwa kwa mali ya marehemu Haji Nasur Nurmohamed, orofa ya chini ikawa zahanati ya sadaka. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jumba likaachwa likachakaa. Katika miaka ya 1990 lilitengenezwa upya, likapendeza kama zamani, lakini kazi ya tiba haikurudi.

Fundisho ni wazi. Kuta hazimtibu mtu. Hutibu dawa na tabibu, na vyote viwili vyataka pato lisilokatika.

Kyarumba haina maduka ya Kairo, lakini ni nchi ya kahawa. Shamba moja likiwekwa wakfu kwa maandishi na mashahidi, likapewa msimamizi mwaminifu mwenye kutoa hesabu mbele ya jamaa, kila mavuno yatanunua dawa za asiye na kitu. Atoaye shilingi leo humsaidia mgonjwa wa leo. Awekaye shamba humsaidia hata yule ambaye hajazaliwa. Hiyo ndiyo sadaka yenye kuendelea, ambayo thawabu yake humfuata mtu kaburini.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa, na awape wenye mali nyoyo za kutoa. Amin.