Kabla hujanunua mbao za zamani: wimbi lililopita Kibaha na Kisarawe

Kama unajenga Kibaha au Kisarawe, huenda mtindo huu umeshakuvutia: sakafu ya mbao zilizotolewa kwenye nyumba iliyobomolewa, zikarandwa upya na kupigwa vanishi. Fundi wako atashangaa kidogo, maana huku kwetu sakafu ni saruji, na siku hizi marumaru. Lakini ukianza kuitafuta mbao hiyo utajikuta unauliza swali la historia: mti wake ulikatwa wapi, na lini?

Tuanze na ramani. Kisarawe na Kibaha ziko kilomita 30 hadi 40 hivi kutoka katikati ya Dar es Salaam. Hapa ndipo ilipo misitu ya Pugu, Kazimzumbwi na Ruvu Kusini. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, inapita Pugu, Soga na Ruvu. Barabara ya Morogoro inakatiza Kibaha. Yaani chochote kilichokatwa huku kilikuwa na njia ya kufika sokoni.

Sasa turudi nyuma hadi mwaka 1826. Mkulima mmoja wa Kijerumani, Johann Heinrich von Thünen, alichapisha kitabu akieleza kwa nini mashamba yanayouzunguka mji hujipanga kama pete. Hoja yake ni nyepesi: nauli. Mzigo mzito wenye bei ndogo hauwezi kutoka mbali, kwa sababu nauli inameza faida yote. Mzigo wenye bei kubwa unavumilia safari. Weka mkaa upande mmoja na mbao za mninga, mvule au mkongo upande wa pili, utaona mwenyewe kipi kitafuatwa porini mbali zaidi.

Mwaka 2010 Antje Ahrends na wenzake walitumia hoja hiyo kuichunguza misitu inayoizunguka Dar, na matokeo yao yakatoka katika jarida la PNAS. Waligundua kwamba uharibifu wa msitu unasambaa kutoka mjini kama mawimbi. Kwanza zinaondoka mbao za bei kubwa, kisha za bei ya kati, na mwisho mti wowote uliobaki unakuwa mkaa. Mwaka 1991 eneo la mkaa liliishia kama kilomita 20 kutoka mjini. Mwaka 2005 lilikuwa limefika kilomita 50. Wimbi la mbao za bei ya kati lilisogea kutoka kilomita 50 hadi 170. Hizo ni kilomita 120 ndani ya miaka 14 tu! Barabara nazo zilisaidia: Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, malori ya mbao kutoka Kilwa na Lindi hayakuhitaji tena kusubiri kivuko cha Rufiji.

Soma namba hizo ukiwa umesimama kwenye kiwanja chako. Kibaha na Kisarawe ziko kati ya kilomita 20 na 50. Katika miaka hiyo 14 eneo lenu lilimezwa na wimbi la mwisho, lile la mkaa. Miti ya mbao nzuri ilikuwa imeshaanza kuondoka zamani.

Ilikwenda wapi? Mingi ikawa milango, fremu, makabati na vitanda. Kwa hiyo mlango mzito wa mninga kwenye nyumba ya zamani ya Kariakoo, inayobomolewa kupisha ghorofa, unaweza kuwa umetoka kwenye mti wa karibu kabisa na kwako. Na mti huo haurudi haraka. Mche wa mninga hutumia miaka mingi ukijenga mzizi tu: kila kiangazi kijiti cha juu kinakufa, mvua zikija kinachipua upya. Baada ya hapo vinahitajika miongo mingi hadi upate gogo la kupasua.

Ndiyo maana mbao ya zamani ina thamani: wimbi lake limeshapita, na ukiinunua huongezi shoka jingine porini. Ila sharti lake ni moja, iwe ya zamani kweli. Mbao mpya iliyopakwa rangi ya kuchakaa ikiuzwa kama "ya zamani", pesa yako itakuwa inalisukuma wimbi mbele zaidi.

Kwa hiyo usimwamini dalali kwa maneno. Muulize imetoka jengo gani na, ikiwezekana, nenda ukalione. Tafuta matundu ya misumari yenye kutu iliyoingia ndani ya mbao. Randa kipande kidogo: mbao iliyokaa miaka mingi huwa na rangi iliyokolea juu na tofauti chini yake. Chagua sehemu ya kiini, ile nyeusi au nyekundu, maana sehemu nyeupe ya nje ndiyo mchwa wanaipenda. Rangi kuukuu inaweza kuwa na risasi, kwa hiyo usiipige msasa kavu ndani ya nyumba. Nguzo za umeme achana nazo kabisa, zimetiwa dawa zenye sumu. Na kabla ya kupigilia, zipange mbao chumbani wiki kadhaa zizoee unyevu wa hapo, juu ya jamvi lililokauka vizuri.

Kama hupati za kutosha nyumba nzima, tandika chumba kimoja, kwingine weka marumaru. Ni bora chumba kimoja ambacho unajua mbao zake zimetoka wapi, kuliko nyumba nzima ambayo huwezi kuitolea maelezo.